Vidole Vinne vya Pindo

Jumamosi adhuhuri binti yangu aliingia ndani amevaa kosa nililofukuziwa kazi.

Sikulitambua mara moja. Nilikuwa nimekaa sakafuni natia kiraka shuka lililochanika katikati, miwani puani, na nilichokiona kwanza ni vifundo vyake viwili vya miguu vikipita mbele yangu. Halafu nikaiona suruali iliyoishia juu ya vifundo hivyo: pamba nzito, rangi ya udongo mkavu, mifuko ya pembeni yenye mishono miwili miwili. Kitambaa kile nilikikata mwenyewe, kwa mkasi wangu, kwenye meza iliyonila mgongo miaka ishirini na miwili.

“Tazama, Mama,” akasema, akajizungusha. “Nguo moja tu nimenunua mwaka huu, lakini nimenunua ya maana.”

Huyu ni kitinda mimba wangu. Tunamwita Profesa, kwa sababu tangu ajue kusoma hajaacha kumsomesha kila aliye karibu. Anafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno, na taka za nyumba yetu zimegawanywa kwenye ndoo tatu kwa amri yake. Ukikosea ndoo utahubiriwa mpaka ujutie kuzaliwa. Nguo ndiyo usiseme. Haweki kitu mwilini kabla hajajua kimeshonwa na nani, kwa kitambaa gani, na kitadumu miaka mingapi. Mimi humcheka, lakini moyoni hufurahi kwamba mtoto wangu havai takataka.

Akashika kile kikaratasi kigumu kilichoning'inia kiunoni kwa uzi wa katani, akasoma kwa sauti yake ya darasani. “‘Suruali Mkato Mfupi. Tumepunguza urefu ili kupunguza matumizi ya kitambaa. Kila moja imekatwa kwa mkono na fundi mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini. Vaa kwa uangalifu, dunia ipumue.’ Umesikia? Kwa mkono, Mama. Kama wewe.”

“Vua,” nikamwambia.

“Nini?”

“Vua hiyo suruali kabla sijaichana ikiwa mwilini mwako!”

Ngoja nieleze, msije mkadhani nilipandwa na wazimu.

Mimi ni mkataji. Katika karakana ya kushona, mkataji ndiye anayelaza kitambaa mezani, anapima, anachora kwa chaki, halafu anapitisha mkasi. Mshonaji akikosea, anafumua na kurudia. Mkataji akikosea, kitambaa kimekufa. Ndiyo maana watu hawanisemeshi nikiwa na mkasi mkononi, na ndiyo maana waliniita Mama Futi, kwa ile futi ya kamba iliyoshinda shingoni mwangu hata nilipokwenda sokoni.

Aliyenifundisha ni Mzee, mwenye karakana, Mungu amrehemu. Alikuwa mpole mpaka ukiuke moja ya masharti yake mawili. La kwanza, kila jora la pamba lilale majini siku nzima kabla ya kuguswa na mkasi. Pamba mbichi ikikutana na maji hurudi, yaani inajivuta na kuwa fupi, na Mzee alitaka irudi kwenye karo letu la saruji pale uani, isirudi miguuni mwa mteja. La pili, chini ya kila suruali tuache vidole vinne vya kitambaa, tuvikunje ndani ya pindo. Mtoto akirefuka, mama yake anafumua. Pindo likisagika, unafumua. Suruali ikihamia kwa mdogo mtu mwenye miguu mirefu, anafumua. Kuna watu mjini humu wanavaa suruali nilizozikata kabla Profesa hajaota meno. Mzee hakuwahi kutamka neno endelevu maishani mwake. Alikuwa akisema tu, “Acha vidole vinne, usiwe mchoyo.”

Alipofariki, mwanawe akakalia kiti. Huyo ndiye Bosi. Kijana wa viatu vinavyong'aa, anayejua kuzungumza na benki na wapiga picha, lakini sijawahi kumwona akigeuza nguo ndani nje hata siku moja. Mwaka jana alijaza udongo kwenye karo letu akapanda maua mekundu, kwa sababu wapiga picha wa tangazo walilalamika kwamba ua wetu hauna rangi.

Kisha ikaja oda ya ghala la baridi. Suruali mia moja na ishirini, za wafanyakazi wanaopanga nyama na samaki kwenye vyumba ambavyo ukitema mate yanaganda kabla hayajafika chini. Suruali za watu kama hao lazima zifike kwenye kiatu. Saizi ndogo, urefu sentimita mia moja na nne. Kila saizi na kipimo chake, vyote vimeandikwa. Majora yalifika Jumanne, na Bosi aliahidi mzigo ungetoka Jumatatu ya wiki iliyofuata.

“Hiki kitambaa hakijalowekwa,” nikamwambia.

“Mama Futi, kitambaa cha siku hizi hakirudi. Kata.”

“Siku hizi pamba inaota kwenye mti gani?”

Akacheka, akanipiga begani kama vile mimi ni shoga yake, akaenda zake. Nikakata. Hilo ni kosa langu la kwanza na ninalikiri bila kulazimishwa na mtu: nilijua, na nilikata. Lakini niliacha vidole vinne.

Kule ghalani wana sheria ya vyakula: nguo mpya haivaliwi mpaka ifuliwe kwa maji ya moto. Wakazifua. Zikapanda. Baada ya siku tatu lori lilituletea mia na ishirini zote, zimefungwa kwa kamba kama kuni. Nikaitazama ya juu, nikaona imepanda vidole vitatu, nikakimbia ofisini nikihema. “Hakuna kilichoharibika! Tufumue pindo, kitambaa kipo ndani. Wiki moja, tunarudisha mzigo.” Bosi hakuinua macho. Nilikuwa nimechelewa. Alishazungumza na meneja wa ghala kwa simu, akamwambia mkataji amekata fupi, na mtu wa namna ile hawezi kumeza maneno yake mbele ya mteja. Alihitaji mtu wa kumtupia lawama, na mimi ndiye nilikuwa nimesimama mlangoni.

Barua ilikuwa imeshachapwa. “Mimi, mkataji mkuu, nakiri kwamba nilikata suruali mia moja na ishirini chini ya kipimo cha mteja.” Nikatukana. Akanieleza taratibu, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, kwamba bila sahihi yangu hakuna cheti cha utumishi, na bila cheti nitakuwa sijawahi kufanya kazi popote. Miaka ishirini na miwili iyeyuke hivi hivi! Nikasaini. Hilo ni kosa langu la pili, na kwa hilo nilikuwa nikijilaumu hata nikiwa naosha vyombo.

Nyumbani nilisema nimeacha kazi kwa ajili ya mgongo. Profesa akaninunulia mto wa kuegemea.

Mwezi haukupita, nikasikia ghala la baridi limechoka na mafundi wa nje na linafungua chumba chake cha kushonea. Linatafuta mkataji. Nilikwenda na cheti changu, kimepigwa pasi kwa juu ili kisiwe na mkunjo. Meneja wa ghala, mama mmoja mrefu anayevaa koti zito hata akiwa ofisini, alisoma jina langu, akafungua faili, akatoa nakala ya barua ile. “Wewe ndiye uliyenikatia fupi,” akasema. Hakunifokea. Alinirudishia cheti changu kwa vidole viwili, nami nikatoka nje nikiwa mdogo kuliko sindano.

Sasa mnaelewa nilichokiona kwenye miguu ya mwanangu. Bosi alikuwa amechukua zile suruali, akazifupisha zaidi ili ionekane ndivyo zilivyokusudiwa, akazitundika kwenye duka lenye taa nyingi, na kuandika juu yake kwamba anaihurumia dunia. Na fundi wa uzoefu wa miaka ishirini aliyeandikwa pale ndiye mimi, yule yule aliyefukuzwa kwa kutojua kupima.

“Umevaa barua yangu ya kufukuzwa kazi,” nikamwambia Profesa. “Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na wewe msomi wa lebo! Hiyo suruali imeshafuliwa, imeshakataliwa, imeshafukuzisha mtu. Soma na hayo, kama wameyaandika!”

Nilimwambia na mengine, ambayo sitayarudia hapa. Aliivua pale pale, akajifunga khanga, machozi yanamtoka. Nilidhani analilia suruali.

“Kwa hiyo si mgongo,” akasema.

“Si mgongo.”

“Ulisaini kwamba umekosea na hukukosea.”

“Nilisaini.”

“Mama, mimi nakaa na simu nauliza mashamba ya pamba ya watu nisiowajua, kama wafanyakazi wao wanatendewa haki. Nakuuliza wewe kila siku umeshindaje, unaniambia mgongo!” Sasa alikuwa akipiga kelele kunishinda, na mimi sijazoea kushindwa. “Unadhani mimi ni mjinga wa kununuliwa mito?”

“Mto uliununua wewe.”

“Ndiyo! Niliununua mimi!”

Akanitupia suruali. Mguu mmoja ulinipiga kwenye mkono, nikaushika. Ulikuwa mzito. Mkono wangu umeshika suruali nyingi kuliko ulivyoshika watoto, na ulijua kabla ya kichwa changu. Suruali iliyokatwa fupi huwa nyepesi chini. Hii ilikuwa nzito pale kwenye pindo kama vile imefungwa kitu.

Nikaigeuza ndani nje. Pindo lilikuwa limeshonwa kwa mkono, mishono midogo inayolala upande wa kushoto kama mwandiko. Mshono ule ni wa mtu mmoja tu, wa Bi Kimya, mshona pindo wetu, mwanamke niliyekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tano na sidhani amewahi kusema sentensi ya maneno kumi. Nikabana pindo kwa vidole. Kitambaa mara mbili. Mara tatu. Nikashika ncha ya uzi nikataka kuuvuta, kisha nikauachia.

“Hapa hatufumui kitu,” nikamwambia Profesa. “Futa machozi. Jumatatu omba ruhusa kazini.”

Jumapili nilikwenda kwa Bi Kimya. Alikuwa ananyoosha nguo za wajukuu, akanisogezea kiti kwa mguu.

“Bosi alikuagiza nini kuhusu zile suruali?” nikamuuliza.

“Nikate.”

“Ukakata?”

Akatikisa kichwa. “Nilikunja.”

“Ngapi?”

“Zote.”

“Zote! Na mimi nakaa nyumbani natia viraka mashuka, wewe unajua kitambaa kipo! Kwa nini hukuniambia?”

Akaiweka pasi chini, akanitazama kama vile nimemuuliza swali la ajabu. “Nilidhani unajua. Mkono wangu lini umekata pindo?”

Nilimkasirikia njia nzima ya kurudi nyumbani, halafu nilipofika mlangoni nikagundua kwamba nacheka.

Jumatatu saa tatu asubuhi tulikuwa mbele ya meza ya Meneja. Profesa alikuwa amevaa ile suruali, na kikaratasi chake bado kinaning'inia kiunoni, kwa sababu nilimkataza kukitoa. Meneja aliponiona alikunja uso.

“Mama, nilishakujibu.”

“Ulishanijibu. Leo sikuombi kazi. Nakuomba dakika tano na kiti kimoja.”

“Kiti cha nini?”

“Asimame binti yangu.”

Nadhani alikubali kwa sababu ya udadisi tu. Profesa alivua viatu, akapanda kwenye kiti cha wageni. Nami nikapiga magoti sakafuni, kwenye vigae baridi kama chuma, nikatoa kifumulio changu, nikaweka pini nne mdomoni, mahali pake pa siku zote. Nilikuwa nimeandaa matusi ya heshima ya kutosha saa nzima. Nimeyapanga tangu Jumamosi. Lakini mtu mwenye pini mdomoni hawezi kusema kitu, kwa hiyo nikafumua.

Uzi wa Bi Kimya ulitoka wote bila kukatika. Mkunjo wa kwanza ukaanguka, kitambaa kikafika kwenye kifundo. Mkunjo wa pili ukaanguka, kikafunika kisigino. Mstari wa pindo la zamani ulionekana wazi, umechakaa kidogo kwa kufuliwa, na chini yake vile vidole vinne, rangi yake bado imeiva, havijawahi kuona jua. Nikavikunja kiasi cha ukucha tu, nikapiga pini nne, nikainuka kwa kushikilia meza. Nikavua futi shingoni nikampa Meneja.

“Pima wewe,” nikasema.

Alisita. Kisha alizunguka meza, akaweka ncha ya futi kiunoni mwa Profesa, akainama mpaka chini. Akasoma. Akapima tena, kwa mguu wa pili niliokuwa nimeufumua nusu, akaunyoosha kwa mkono wake mwenyewe.

“Mia moja na nne,” akasema.

“Fungua faili. Uliagiza ngapi saizi ndogo?”

Hakufungua. Alikuwa anakumbuka. Alikaa kwenye kiti chake na koti lake lote.

“Barua yako inasema ulikata chini ya kipimo.”

“Inasema uongo.”

“Na sahihi?”

“Sahihi ni yangu.”

“Mtu mzima anasainije uongo dhidi yake mwenyewe?”

Swali lile lilinichoma, kwa sababu ni lile lile nililokuwa nikijiuliza. “Nilitaka karatasi ya kusema nimefanya kazi miaka ishirini na miwili,” nikamjibu. “Nikapewa. Nilipewa mbili. Nyingine ndiyo uliyo nayo.”

Profesa, bado yuko juu ya kiti, akasema, “Shikamoo, mama. Samahani, sikukuamkia.” Sijui kwa nini alichagua dakika ile.

“Marahaba,” akajibu Meneja, bila kumtazama. Alikuwa anatazama mlangoni. “Mnajua watu wangu wamevaa nini miezi hii miwili yote? Suruali za zamani zilizotoboka magotini, na mifuko ya nailoni wamejifunga miguuni kwa mpira. Mmoja amelazwa siku nne, miguu imevimba. Na wewe unaniambia kitambaa kilikuwa hapo hapo? Ndani ya pindo?”

“Nilimwambia Bosi siku ile ile. Wiki moja ya kufumua.”

“Wiki moja!” Akapiga meza kwa kiganja, mpaka kikombe cha kalamu kikaruka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili kumwona mtu mwingine amekasirika kwa ajili yangu, na niseme ukweli, nilijisikia kama nimeketishwa baada ya kusimama muda mrefu. Alichukua simu, akairudisha. Akachukua faili na mkoba. “Twendeni. Nataka anieleze nikiwa namwona.”

Karakana haikuwa imebadilika, ila kwenye meza yangu walikuwa wamepanga maboksi. Suruali zilizobaki zilikuwa juu ya maboksi hayo, zimekunjwa vizuri, kila moja na kikaratasi chake. Bosi alitoka ofisini na tabasamu la kupokea mteja. Tabasamu likakuta uso wangu, likakwama.

“Suruali zangu zimebaki ngapi?” Meneja akauliza.

“Samahani, zile ulizirudisha. Sasa hivi ni toleo letu maalum la mavazi rafiki kwa...”

“Nisome?” Profesa akaingilia, akakinyanyua kikaratasi chake. Akakisoma chote, polepole, neno kwa neno, pale katikati ya cherehani nane zilizonyamaza. Alipofika kwenye fundi mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini akanielekezea kidole, kisha akaendelea mpaka dunia ikapumua. Halafu akainua mguu akauweka juu ya kiti, pini zikionekana. “Mmepunguza wapi kitambaa, kaka? Hiki hapa chote.”

Bosi aliutazama ule mguu. Aliinama, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akalishika pindo la nguo, akaligeuza. Uso ukamwiva mpaka masikioni, akamgeukia Bi Kimya aliyekuwa kwenye kona yake.

“Nilikuagiza ukate!” akafoka. “Nilikuagiza ukate hivyo vipande vyote vitupwe!”

Nadhani hata yeye alisikia alichokisema, kwa sababu alifunga mdomo ghafla. Alikuwa amekiri mbele ya mteja kwamba kitambaa kilikuwepo, na kwamba alitaka kitupwe, huku kikaratasi kinasema ameokoa.

Bi Kimya alichoma sindano yake kwenye kifuko kilichofungwa mkononi. “Mzee alisema vidole vinne,” akasema, akaendelea na kazi.

Meneja hakupoteza muda. Suruali zilikuwa themanini na tisa. Thelathini na moja zilishauzwa. Alisema anazichukua zilizobaki, zote zifumuliwe pindo na kushushwa, na zile thelathini na moja zikatwe upya. “Na hazitoki hapa,” akaongeza, “mpaka mkataji wangu azipime moja moja.”

“Mkataji wako ni nani?” akauliza Bosi.

Meneja alinirudishia futi yangu, nikaivaa shingoni.

Mngetarajia hasira yangu iishe hapo. Haikuisha. Nimekaa miezi miwili nikitembea na kichwa chini, namkwepa kila mtu anayeijua kazi yangu, namdanganya mtoto wangu, kwa sababu ya mtu aliyeona aibu kusema “nilikosea” kwenye simu. Hasira ya namna hiyo haishi kwa sentensi moja ya Meneja.

“Kuna barua,” nikamwambia Bosi.

“Barua gani tena, Mama Futi? Tuyaache yaliyopita, sisi ni familia moja hapa.”

“Usinivishe kilemba cha ukoka. Leta karatasi. Leo mimi nasema, wewe unaandika.”

Akaandika. Wote walikuwepo, kwa hiyo aliandika. Kwamba kitambaa hakikulowekwa kwa amri yake. Kwamba mkataji alimwonya. Kwamba kipimo kilikuwa sahihi. Alijaribu kuandika “huenda”, nikamwambia afute. Akasaini, nikampa Meneja aiweke kwenye faili juu ya ile nyingine, nami nikachukua nakala yangu nikaikunja mara moja tu.

“Sasa tumemalizana?” akauliza, anapangusa mikono kwa leso kana kwamba wino umemchafua.

“Bado. Thelathini na moja zinakatwa upya. Kitambaa kipya kinalowekwa wapi?”

Alielewa. Alitazama dirishani, kwenye maua yake mekundu pale uani, akanitazama tena. “Nitamwita mtu kesho ayatoe.”

“Jora likae majini siku nzima. Keshokutwa nataka nikate.”

Alitafuta uso wa Meneja, hakuupata. Mama wa watu alikuwa anahesabu suruali. Akavua saa, akaiweka mfukoni. Akakunja mikono ya shati. Tukamfuata uani sote, hata wale wa cherehani, na Bosi akainama kwenye karo la baba yake akaanza kung'oa. Udongo ulikuwa umeshikana, alikuwa akivuta kwa mikono miwili, na viatu vyake vilipoteza mng'aro wote. Profesa aliyapokea maua moja moja na mizizi yake, akayapanga kwenye ndoo, anasema tutayapanda nyumbani. Nikamwachia. Maua hayakunifanyia kitu.

Alipomaliza alisimama, jasho linamtoka puani, akanitazama kama mwanafunzi aliyeleta daftari. Nilikwenda karoni. Nilipitisha kidole kwenye kona za saruji, taratibu, zote nne, nikakitazama. Kilikuwa na tope.

“Sugua,” nikamwambia.